Motokari ya Yaya kwenye Barabara ya Likasi



Tangu yaya yangu anunue motokari, wamama wengi wa chama wananiuliza maulizo yale yale. Inakula esanse ngapi? Inaenea jamaa nzima? Inapita njia gani na inashindwa njia gani? Na mwanamke anaiweza? Naona ni vema niwajibu wote hapa mara moja. Siku ya posho iliyopita niliiendesha toka Lubumbashi mpaka Likasi na kurudi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kushika volani yake. Mimi si fundi wa motokari, ni mwalimu. Nitawaeleza tu yale niliyoyaona na kuyapima.

Kwanza mjue sababu ya safari. Mama yetu anakaa Likasi, upande wa Kikula. Ana miaka 71. Damu yake inapanda na miguu inavimba. Dakitari anataka kumwona hapa Lubumbashi kila mwezi, lakini mama alikataa kuja mara mbili. Katika bisi ndogo wanakaza watu wanne kwenye kiti cha watatu, magoti yanagusa kiti cha mbele, na wakati wa kushuka hawezi kusimama. Alituambia: «Afadhali nigonjee kwangu kuliko kufika kwa dakitari nikiwa nimebebwa kama mzigo.»

Jamaa ikakutana. Kaka yetu alitaka jipu, sababu iko juu na haiogopi mashimo. Mjomba alitaka takisi ndogo, ili iingize feza kila siku. Yaya, ambaye anauza vitenge na anajua njia ya Kasumbalesa kuliko sisi wote, ndiye aliyekuwa na feza, matunda ya likelemba na ya miaka tisa ya kuamka usiku. Yeye alichagua motokari ya jamaa, yenye milango minne na kofre nyuma. Kaka alisema: «Kama mama hataiweza, iuzwe haraka kabla bei haijashuka.» Yaya akakubali. Basi safari yetu haikuwa matembezi. Ilikuwa mtihani.

Motokari yenyewe ni Toyota Camry ya mwaka 2018. Kwa kiwanda si mpya tena, lakini kwetu ni mpya. Ilikaa Dubai, ikapanda meli mpaka Dar es Salaam, kisha ikapita Tanzania na Zambia mpaka mpaka wetu. Jina Camry limetoka kwa neno la Kijapani lenye maana ya taji. Urefu wake ni karibu metre 4 na sentimetre 88, kwa hiyo kabla ya kununua pimeni kwanza uwanja wenu wa nyumba! Sisi tulilazimika kuhamisha mapipa ya maji ili lango lifungwe.

Jambo la kwanza nililolipenda ni volani yake. Iko upande wa kushoto. Wamama wa hapa wanaelewa. Zambia na Tanzania wanapita kushoto kwa barabara, sisi tunapita kuume. Motokari nyingi zinazotufikia toka Japani zina volani kuume. Ukiwa nyuma ya kamyoni na volani yako iko kuume, huoni kinachokuja mbele. Inabidi anayekaa pembeni atoe kichwa aseme «pita» ao «ngoja». Uzima wa jamaa nzima unakaa katika neno la mtu ambaye pengine hajui kupima mbio. Motokari za Dubai zina volani kushoto, kama sheria yetu ya njia inavyofaa. Kama feza inatosha, tafuteni za namna hiyo, hata kama bei inazidi kidogo.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubui. Mbele tulikuwa mimi na yaya, nyuma watoto wangu wawili. Mwezi huu wa tisa jakaranda zimeanza kutoa maua, na avenyu za katikati ya mji zilikuwa na rangi ya zambarau chini na juu. Katika mji motokari hii ni ya kimya sana. Mara mbili niliuliza kama injini imezimika, yaya akanionyesha sindano inayocheza. Haina kubadilisha vitesi kwa mkono. Mguu wa kushoto unapumzika kabisa. Kwa mwanamke aliyejifunza kwenye motokari ya zamani, kama mimi, mguu huo unatafuta kazi kwa nusu saa ya kwanza, halafu unasahau.

Baada ya peaje barabara inafunguka. Toka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilometre 120, lami tupu. Pembeni ni miti ya miombo, na wakati huu wa mwisho wa kiangazi majani yamechomwa, udongo ni mweusi, lakini matawi yanaanza kuleta majani mapya mekundu. Wamama na watoto wamepanga mifuko ya makala pembeni, na chupa za asali. Hapo ndipo nilitambua uzuri wa pili wa motokari hii: inashika njia. Kamyoni kubwa ikikukuta na kukupita, motokari nyepesi inasukumwa na upepo kama karatasi. Hii inatikisika kidogo tu, kisha inanyooka.

Kamyoni ndizo neno kubwa la barabara hii. Zinatoka Kolwezi na Likasi zikibeba shaba na kobalti, zinakwenda Kasumbalesa, na kutoka huko mpaka bandari za bahari. Zinafuatana tatu, ine, tano. Injini ya Camry hii ni ya litre 2,5, ukikanyaga, inaitika. Lakini wamama, nguvu hiyo ni mtego. Unajisikia unaweza kupita kamyoni tatu kwa mara moja. Mimi niliweka sheria: kamyoni moja kwa mara moja, na mahali ambapo naona njia yote mpaka mbali. Kwenye kilima, kwenye kona ao kwenye moshi wa moto wa pori, nabaki nyuma. Sikupita mbio ya 80. Tulitumia saa mbili na dakika kumi, na hakuna mtu aliyetupa zawadi kwa kuchelewa, lakini tulifika.

Katika njia tulivuka mto Lufira. Niliwaeleza watoto kwamba maji hayo ndiyo yanayozungusha mashine za umeme kule Mwadingusha tangu mwaka 1930, na ndiyo yaliyofanya ziwa la Tshangalele, ambako kunatoka samaki wanaouzwa Kapolowe. Mkubwa wangu aliuliza: kama umeme unatoka hapa, kwa nini kwetu unakatika? Mwalimu hana jibu la kila ulizo.

Sasa kuhusu watoto. Kiti cha nyuma kina mikanda mitatu, kwa watu watatu. Si watano. Najua namna tunavyofanya: mtoto juu ya magoti, mwingine katikati ya miguu. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema hatari za barabara ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29. Mkanda wa namna hii, unaopita begani na tumboni, ulibuniwa na fundi wa Volvo, Nils Bohlin, mwaka 1959. Ni kitu cha zamani, kiko tayari ndani ya motokari, hakiombi feza nyingine. Mtoto mdogo asikae mbele, sababu pale mbele kuna mfuko wa hewa unaopasuka kwa nguvu wakati wa kugongana. Unasaidia mtu mzima, lakini unaweza kuumiza mtoto. Na mama mwenye mimba avae mkanda pia: ule wa chini upite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya kiuno, ule wa juu upite katikati ya matiti. Usipite juu ya tumbo kamwe.

Tukafika Likasi, mji wa milima na viwanda, ambao wazee wangali wanauita Jadotville wakisahau. Njia ya kuelekea kwa mama si lami. Hapo motokari ya yaya ilionyesha ulegevu wake. Chini yake kuna nafasi ya sentimetre 15 tu, kadiri ya kiganja cha mkono na vidole. Kwenye mfereji wa kwanza ilikwaruza. Watoto wakashuka, ikapita. Kwenye mfereji wa pili tukaiacha kwa jirani na kutembea. Kaka alipopata habari kwa telefone alicheka sana, na katika neno hilo alikuwa na haki.

Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu. Alizunguka motokari mara mbili bila kusema. Kisha akajaribu kuingia kama tunavyoingia katika bisi, mguu wa kwanza mbele, na magoti yakakataa. Kiti cha motokari ya namna hii kiko chini. Nilimwona yaya anageuza uso. Hapo jirani mmoja, muuguzi aliyepumzishwa kazi, akatufundisha, nami nawafundisha ninyi wenye wazee nyumbani. Mzee ageuze mgongo kwa motokari. Aketi kwanza, miguu ikiwa ingali inje. Mtu amwekee mkono juu ya kichwa asijigonge. Kisha ageuze magoti yote mawili pamoja na kuyaingiza ndani. Kwa kutoka, ni vilevile: miguu miwili inje kwanza, halafu kusimama. Mama alifanya hivyo, na mara ya pili alifanya bila mtu.

Baada ya bukari na sombe tukaondoka saa nane mchana, ili giza lisitukute njiani. Mama alikaa nyuma upande wa kuume, kiti cha yaya kikasogezwa mbele, na ilibaki nafasi ya kunyoosha miguu. Tulisimama mahali panapofaa, mbali na lami, atembee dakika kumi, sababu miguu yenye kuvimba haipendi kukaa saa mbili bila kutikisika. Katika kofre tulibeba sanduku lake, unga, kuku wawili ndani ya kikapu, na kigogo chake cha kukalia ambacho hakubali kukiacha. Makala tulikataa kubeba, hata bei ilipokuwa nzuri. Mifuko miwili ingeshusha motokari mpaka chini, na ile nafasi ya sentimetre 15 ingebaki kumi.

Sasa esanse. Yaya alijaza tangi asubui, na jioni tukarudi kujaza tena kwenye stasio ile ile. Tulikuwa tumefanya kilometre 262, na ikaingia litre 21. Ni litre 8 kwa kilometre 100. Kwa mwendo wa polepole wa lami, ni vizuri. Katika mji, penye kusimama na kuondoka, ngojeni izidi. Kwa hiyo kila mwezi kumleta mama na kumrudisha ni safari mbili kamili, karibu litre 42. Hesabuni pia peaje, mafuta ya injini, na pine, ambazo kwa motokari nzito kidogo si za bei ndogo. Tiketi za bisi zingekuwa rahisi sana kuliko hizo. Tunalipa tofauti hiyo kwa sababu ya magoti ya mama.

Basi maoni yangu ni haya. Kama nyumba yako iko karibu na lami na safari zako ni za lami, motokari ya namna hii inafaa jamaa: ina nafasi, ina utulivu, haichoshi. Kama unakwenda mashambani, ao kartie yako inakuwa mto wakati wa mvua, usikilize kaka yangu. Usinunue kwa macho. Ingiza mzee wa nyumba na watoto wote kabla ya kulipa, umwombe muuzaji akupeleke kwenye njia mbaya ya kwenu. Na kama wewe ndiwe unayelipa, jifunze kuiendesha wewe mwenyewe. Wamama watatu wa chama tayari wamejiandikisha kwa masomo ya permi, tunangoja wengine.

Mama alifika kwa yaya saa kumi na moja kasoro. Alitoa miguu miwili inje, akashika mlango, akasimama. Kaka alikuwa amekuja kungojea hukumu. Alimwuliza: «Mama, iuzwe?» Mama akajibu: «Nimefika na magoti yangu. Uuze jipu ambayo haujanunua.» Siku ya kwanza ya juma alikwenda kwa dakitari akitembea mwenyewe, na amepewa siku nyingine katika mwezi wa kumi.