Maji ya Mzee

Jumamosi iliyopita tulipanda Vilima vya Ngong, nje kidogo ya jiji la Nairobi. Tulianzia penye mitambo ya upepo, tukaufuata mgongo wa vilima kuelekea Lamwia, kilele chenye mita 2,460 kutoka usawa wa bahari. Upande wa mashariki tuliliona jiji limetandaa. Magharibi ardhi iliporomoka kuelekea Bonde la Ufa.

Kila kilima tulichokimaliza kilitufunulia kingine. Sisi wenye miguu myepesi tukatangulia, tukijisifia mwendo wetu. Tulipogeuka, mzee mmoja wa msafara wetu hakuonekana. Na maji yake tulikuwa tumeyabeba sisi, eti kumpunguzia mzigo.

Tukarudi mbio, mioyo ikitudunda. Tulimkuta ameketi nyasini, midomo imemkauka. Akatabasamu, akasema, "Poleni kwa usumbufu, wanangu." Neno hilo lilituchoma kuliko lawama.

Lamwia hatukufika siku ile. Tuliteremka kwa mwendo wake, pole pole, ndipo tulipotambua kwamba safari ya pamoja hupimwa kwa hatua za aliye nyuma. Juma hili tujiulize: ni nani tuliyemwacha njiani, ilhali maji yake tunayo sisi?