Nilizala, Nikakunywa Chai

Mwaka jana, usiku, nilikuwa nikiandika rekodi za kazi yangu ya mwisho wa masomo kwenye meza ndogo ya nyumbani kwetu, Katuba. Aliyewahi kufanya kazi hiyo anajua inavyokwenda: sentensi moja unaisikiliza mara kumi, unarudi nyuma, unaisikiliza tena, mpaka uwe na hakika umeandika kile kilichosemwa. Sentensi ya usiku ule ilikuwa ya mama mmoja wa mtaa wetu: «Damu ilitoka, kitanda yote ikajaa damu.» Nyuma ya pazia, hatua mbili kutoka mezani, yaya yangu alikuwa amelala. Nilidhani amelala. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, ya miezi sita.

Wiki chache baadaye mama aligundua kwamba yaya hakwenda CPN. Alitoka nyumbani na kadi yake mkononi, akazunguka sokoni, akarudi. Alipoulizwa, akasema hawezi tena kukaa kwenye lile benchi, kwa sababu kila anayeketi kando yake ana habari ya fulani aliyekufa. Kisha akanigeukia mimi: «Na weye, na bale bamama bako ba mu simu.»

Sikuwa na jibu.

Mada yangu ilikuwa vitenzi vya uzazi katika Kiswahili cha Lubumbashi. Vitabu vinasema *kuzaa*. Sisi tunasema *kuzala*, na shuleni tulisahihishwa kwa ajili ya hiyo *l*. Lakini Kiswahili sanifu chenyewe kinaitunza katika *zaliwa* na *zalisha*, na ndugu zake wako karibu: Chibemba kina *fyala*, Kinyarwanda kina *byara*. Kwa hiyo si kosa letu, ni urithi. Niliipenda sana hiyo *l*. Niliipenda hata sikusikia wale wamama walikuwa wakisema nini.

Niliporudi kwenye karatasi yangu ya maswali niliona aibu. Swali la kwanza lilikuwa: ulipata shida gani wakati wa kuzaa? Nililiweka kwa hesabu ya mwanafunzi: aliyepata shida husema mengi, nami nilitaka maandishi marefu. Nao wakanijibu nilichouliza.

Nikabadilisha swali: nisimulie siku uliyomzaa mtoto wako, tangu ulipoamka. Jibu la kwanza lilikuwa: «Hapana kitu ya kusema.» La pili vilevile. Hapo nikaanza kuelewa. Kuzaa kulikokwenda vizuri hakuhesabiwi kuwa hadithi. Hakuna anayeacha kuteka maji bombani ili asikilize kwamba jirani amezaa na mtoto amenyonya. Habari ya msiba ndiyo inayotembea, na inafika kwenye benchi kabla ya mwenye mimba.

Nilisisitiza. Nkambo mmoja aliyezaa watoto saba alifunga midomo kwanza, akacheka, kisha akaeleza mtoto wake wa nne. Asubuhi alichekecha unga. Mchana uchungu ukaanza, akazunguka mwembe wa uwanjani, akiegemea shina kila ulipompanda na kuendelea na mwendo ulipomwacha. Jioni alitembea mpaka materniti na mdogo wake aliyebeba beseni na vikwembe. Mkunga alimwambia wakati wa kusukuma na wakati wa kupumua tu. «Nilizala, nikakunywa chai.» Nikamwuliza kama aliumwa. Akanitazama kama mtu asiye na akili. Aliumwa, bila shaka. Ila aliniambia kwamba uchungu ule ulikuwa unakwenda mahali, si kama wa jino.

Nilipoandika rekodi hizi mpya niliona jambo ambalo sikulitafuta. Sisi hatutumii sana *nilipasuliwa* ya vitabuni, tunasema *balinipasua*. Rekodi za kwanza zilijaa hayo: *balinipasua, balinishona, balinifokea, balinifungia mulango*. Katika rekodi za pili: *nilitembea, niliinama, niliomba maji, nilikatala kulala*. Kiambishi *ni* ni kilekile. Kimehama tu, kutoka kwa mtendwa kwenda kwa mtenda.

Ningeishia hapo ningekuwa nimedanganya kidogo, maana mama mmoja aliyepasuliwa alinipa mojawapo ya habari nzuri kuliko zote. Alisema *balinipasua*, ndiyo, lakini kabla yake kulikuwa na *niliuliza, nikasikia, nikakubali*. Daktari alikuwa amemweleza sababu. Kwa hiyo habari njema si lazima iwe ya kuzaa bila kisu.

Nilinunua nyaya za kutia masikioni. Kisha, kwa ruhusa ya wenyewe, nikamchezea yaya zile rekodi mpya, moja kila jioni. Ya nkambo aliitaka mara tatu. Siku ya nne akaniomba ile ya damu, na mimi nikakataa. Akasisitiza. Aliisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali ambalo mimi, pamoja na vitenzi vyangu, sikuwahi kuuliza: damu ilianza saa ngapi, na alifika lopitali saa ngapi? Ilianza asubuhi. Alifika usiku, kwa sababu walikuwa wakitafuta pesa kwanza. Mtoto hakupona.

Yaya alinyamaza kwa muda. Kesho yake alimwambia mumewe waweke pesa ya teksi kando, isiguswe hata kwa unga. Na juma lililofuata akarudi CPN, akauliza mwenyewe dalili zipi hazingoji: damu, kichwa kinachouma sana, macho kuona giza, maji kupasuka, mtoto kutocheza tumboni. Aliuliza pia kama mama yetu ataruhusiwa kukaa naye. OMS ilipendekeza mwaka 2018 kwamba kila mwanamke awe na mtu anayemchagua kando yake wakati wa kuzaa. Yaya hakujua hilo; alijua tu kwamba nkambo alikuwa na mdogo wake.

Alizaa mwezi wa tatu, msichana. Nilimrekodi siku ya kumi, kwa swali lile la pili. Alisema mama alimsugua mgongo usiku kucha, na kwamba kulipopambazuka alitaka kurudi nyumbani na mkunga akamcheka. Rekodi ina dakika tatu na nusu. Nimeiandika yote isipokuwa neno moja karibu na mwisho, ambalo kilio cha mtoto kimelifunika, na yaya mwenyewe hakumbuki alisema nini.