Kilima Bila Kilele

Wasee wa Mombasa, mtu akitaja kupanda mlima tunawaza Kilimanjaro tu. Mimi nasema anzeni na Shimba Hills. Kutoka Biashara Street unavuka feri Likoni, unapanda matatu ya Kwale, basi.

Ni vilima vya mviringo, nyasi na msitu, na kimya ambacho huku madukani hukipati hata usiku. Kuna ndovu, kwa hivyo tulitembea na askari wa wanyamapori hadi maporomoko ya Sheldrick, mita 21. Kenya nzima, palahala wa porini wako huko tu. Hata maji ya Marere yanayoletwa mjini chemchemi zake ziko huko. Yaani tunakunywa kilima ambacho hatujawahi kukitembelea!

Lakini kilichonigusa ni kwamba hakina kilele. Tangu niache chuo, kila nikipita maduka ya leso naulizwa, "Sasa mwanangu, utafika wapi bila karatasi?" Shimba hakuna pa kufika. Unapanda kidogo, unashuka kidogo, upepo unakupiga, na bado umetembea. Mimi hiyo inanitosha kwa sasa. Wewe je?