Mashua ya bei ya masika ilivyonitoa jasho Ras Mkumbi

Kama una tabia ya kununua koti wakati wa joto na feni wakati wa baridi, basi mimi na wewe ni ndugu. Mimi nikisikia tu kwamba msimu umekwisha, mfuko unaanza kuwasha. Mwavuli wangu nilinunua Agosti. Sare za shule za mdogo wangu nilinunua Machi, wenzangu wakiwa wameshasahau habari za shule kufunguliwa. Hapa mjini tunaita ujanja. Lakini leo nataka nikusimulie jinsi ujanja huo ulivyonipeleka mpaka ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia, mshiko wa harusi ukiwa kiunoni, nikarudi nimekonda.

Aliyenitia ufunguo ni binamu yangu aliyeko Uingereza. Januari 2024 alinipigia simu usiku, anacheka peke yake. Kule wana kitu kinaitwa karavani. Ni kinyumba chenye magurudumu, ndani kina kitanda, jiko na bomba la maji, unakikokota nyuma ya gari unakwenda kustarehe. Majira ya joto bei yake haishikiki. Baridi ikiingia hakuna anayetaka kulala porini, karavani zinakaa uani zinapigwa na baridi, na mwenye nayo anataka tu aiondoe machoni. Jamaa akajitosa.

"Nimeokota, kaka," akaniambia. "Kitu cha starehe kinunue wakati hakuna anayestarehe."

Sasa mimi karavani niikokote kwenda wapi, Mbagala? Lakini maneno yale yakaniganda kichwani. Kwa upande wa mama mimi ni mtu wa Mafia, na kule ninajua starehe moja yenye msimu wake: papa potwe. Ni samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, wengine wanapita mita 10, lakini hana habari na nyama ya mtu, anakula vijidudu na visamaki vidogo. Kuanzia Oktoba mpaka Machi wageni wanatoka mbali kuja Kilindoni kuogelea naye. Kila mgeni anahitaji chombo cha kumfikisha. Masika ikiingia wageni wanapotea, hoteli nyingine zinafunga milango, na mashua zinapandishwa pwani. Nikajisemea, hiyo ndiyo karavani yangu.

Pesa haikuwa yangu peke yangu, na hapo ndipo penye utamu na uchungu wa hadithi hii. Nilikuwa na akiba yangu ya kuuza makava ya simu Kariakoo. Nusu nyingine ilikuwa ya mchumba wangu, anayesuka nywele saluni, nayo ilikuwa zamu yake ya upatu. Kwa pamoja ilikuwa milioni 3 na laki 2, tumeiita jina moja tu: harusi. Alinikabidhi kwa mikono miwili akaniambia, "Ukiniletea habari za mbao zilizozama, pitiliza kwenu, usije kwetu."

Basi bwana, siku chache baada ya Idi el Fitri, katikati ya Aprili, nikapanda basi mpaka Nyamisati, kisha boti mpaka Kilindoni. Bahari ilikuwa imechafuka, mvua inatupiga ubavuni, abiria mmoja anasoma dua kwa sauti. Kutoka Kilindoni nikapanda gari kuelekea kaskazini, karibu kilomita 50, mpaka kijiji cha Bweni. Mbele ya hapo ndipo Ras Mkumbi, penye mnara wa taa waliojenga Wajerumani mwaka 1892. Ukisimama hapo, kushoto kwako ni mlango wa bahari kati ya Mafia na bara, kulia ni bahari kuu. Katikati ni wewe na upepo.

Mashua ilikuwa juu ya mchanga, imefunikwa makuti, inapata mita 8. Mwenyewe mzee mwembamba, kofia ya kiua, anatembea kwa mkongojo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mmefika salama huko mlikotoka?"

Sikumaliza hata salamu. "Mzee, unauza bei gani?"

Akasema milioni 4 na nusu. Mimi nikacheka kile kicheko cha Kariakoo. Nikamwambia msimu umekwisha mzee wangu, wageni hawapo, mashua hii itakaa hapa miezi sita inaliwa na jua na mvua, nani mwingine atakuja mpaka huku na pesa mkononi? Akashuka mpaka milioni 4. Nikageuka kama ninayeondoka. Akashuka mpaka tatu na nusu. Nikatoa bunda la noti nikalipapasa tu, halafu nikasema milioni 2 na laki 6, chukua au acha. Akatazama bahari kidogo.

"Haya," akasema. "Mungu ndiye mpaji."

Nilijiona Sultani. Nikataka nihesabu pesa palepale, lakini mzee akasema biashara haifanywi na njaa, twende nyumbani. Tulikula muhogo na chai ya rangi. Barazani mke wake alikuwa anasuka mkeka, na mikeka ya Bweni sifa yake unaijua, rangi zinapangana utadhani zimechapwa kiwandani. Nikaona bibi anasuka bila kutazama chini, na kila akitaka kubadili ukili anamuuliza mjukuu, "Huu mwekundu au huu mweusi?" Nikadhani ni mchezo wao wa kumfundisha mtoto.

Asubuhi akaja fundi wa vyombo, mjomba wa mbali kwa mama. Alianzia mbele akaishia nyuma, anagonga ubao mmoja mmoja kwa nyundo ndogo huku ametega sikio, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Akapitisha kidole kwenye mataruma, zile mbavu za ndani. Akatazama mkuku, uti wa mgongo wa chombo. Akachokonoa pamba ya kalafati kati ya mbao. Nikamuuliza vipi.

"Sijui," akasema. "Chombo cha nchi kavu ni sawa na bwana harusi siku ya harusi. Hawezi kuonyesha kasoro."

Akanieleza. Mashua ikikaa juu, mbao zinakauka, zinasinyaa, nafasi zinafunguka. Ukiishusha majini lazima ivuje, hata ikiwa nzima. Mbao zikinywa maji zinavimba, zinabanana, inakoma. Ikiwa mbovu, inaendelea kuvuja. Tofauti ya nzima na mbovu huwezi kuiona mchangani, ni mpaka ishuke. Na siku ile yalikuwa maji mafu, bahari haifiki pale juu. Ilibidi tusubiri bamvua, mwezi utimie tarehe 24.

Siku sita! Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku nne tu kwa anayenishikia meza. Nikaanza kutafuta mtandao, nikaupata upande wa mnarani. Kabla sijampigia mchumba, ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa binamu. Safari hii hacheki. Jua la kwanza limetoka kwao, kafungua bomba la karavani, maji yametoka kila mahali isipokuwa bombani. Mwenye karavani alitakiwa kukausha mabomba kabla ya baridi, hakukausha. Maji yakaganda ndani, mabomba yakapasuka, na baridi yote hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyefungua maji.

Nikaishiwa pozi. Nikampigia mchumba, nikamweleza yote, bei na bamvua. Nilitegemea anisifu kwa kushusha karibu milioni 2. Kimya. Halafu akaniuliza swali moja tu:

"Kwa nini anauza rahisi hivyo?"

"Si msimu umekwisha."

"Msimu unakwisha kila mwaka. Mwaka huu kwa nini anauza? Muulize."

Jioni nikamkuta mzee amekaa kivulini mwa mashua yake. Nikamuuliza kwa adabu, safari hii baada ya salamu zote. Akaniambia mkewe ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ameambiwa akifanyiwa upasuaji ataona. Nauli, malazi Dar, mtu wa kumwongoza, yote hayo ni pesa, na masika hakuna pesa baharini. Vijana wake wako bara na maisha yao. Mguu wake umechoka, mashua haimfai tena. Angengoja Septemba angeuza bei nzuri, lakini kila mwezi mkewe anaona kidogo zaidi ya jana kinapotea.

Mchezo wa ukili ukanirudia kichwani. Msomaji, muhogo wa jana ukanikaa shingoni.

Tarehe 25 Aprili tukaishua mashua, vijana kumi wa Bweni na wimbo wao. Ikavuja kama chekecheo. Tukafua maji kwa makopo mchana, tukafua usiku. Asubuhi ya pili mbao zikaanza kushikana, sehemu moja baada ya nyingine ikanyamaza, isipokuwa nyuma kwenye tezi, chini ya mahali pa kufungia mashine. Hapo maji yalikuja taratibu na hayakuchoka. Fundi akasukuma bisibisi kwenye ubao, ikaingia kama kwenye papai. Ubao ulioza kwa ndani, juu rangi safi. Piga picha ni Oktoba, wageni wanane ndani, mashine inatetemesha ubao ule.

Nikamgeukia mzee kwa hasira. "Mzee, ulikuwa unajua?"

"Najua tangu mwaka jana."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Akanitazama bila hata kuona haya. "Mwanangu, ulipofika uliuliza bei. Hukuuliza chombo. Nilijua fundi atauona, ndiyo maana sikupokea pesa yako siku ile."

Nilikaa chini mchangani. Ni kweli, bunda lilikuwa bado kiunoni mwangu. Aliyenizuia kuhesabu kwa kisingizio cha muhogo ni yeye.

Tukaipandisha tena kabla bamvua haijaisha, ubao ubadilishwe, ingojee mwezi mwandamo. Mimi nilishakata tamaa ya kurudi Dar mapema. Na hapo ndipo masika ikanionyesha kwa nini inaitwa masika. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kimbunga, Hidaya. Mzee akasema mashua isogezwe mbali na minazi, kwa sababu upepo ukikukosa nazi haikukosi. Tukaikokota, tukaifunga kwa kamba pande nne, tukaijaza mchanga. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya akafika Mafia. Sikulala. Nilikuwa chumba kimoja na mzee, bibi na wajukuu, tunasikiliza bati likipiga kelele. Kama ningefuata akili yangu, mashua ile ingekuwa imetia nanga Kilindoni, na mimi niko Kariakoo ninajisifu.

Kulipokucha ilikuwa palepale, imejaa maji ya mvua. Fundi akacheka: "Sasa inakunywa kwa ndani."

Nikazungumza tena na mchumba. Yeye ndiye aliyetoa hesabu. Tumpe mzee milioni 2 na laki 6 taslimu, bibi aende hospitali sasa, si Septemba. Ubao na fundi tulipe sisi. Halafu msimu ukianza tumwongezee laki 7, kidogo kidogo. Tukaandika kwenye karatasi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, tukatia saini. Usidhani nilifanya kwa roho nyeupe kama pamba. Nililalamika. Nilimwambia mchumba, kwani sisi ni shirika la misaada? Akanijibu, "Bei ulikubaliana na shida yake, hukukubaliana naye." Kwa hilo nilikosa jibu, na mpaka leo sina.

Bamvua ya Mei mashua ikashuka. Ikavuja siku moja, ikanyamaza.

Vibali, ukaguzi, majaketi ya kujiokolea, mashine ya kukodi, vyote vilikula zaidi ya nilichodhani nimeokoa. Lakini Oktoba ilipofika tulikuwa Kilindoni, tuko tayari. Mgeni wa kwanza aliporuka majini na papa potwe akapita chini yake, alipiga ukelele, na mimi nikajikuta ninatazama ubao wa nyuma kama mkavu. Ulikuwa mkavu. Laki 7 ya mzee iliisha Januari. Nilipoipeleka ya mwisho Bweni, bibi alikuwa barazani anasuka. Akainua uso, akanikagua juu mpaka chini, akasema, "Kumbe u mwembamba hivi!"

Kwa hiyo wewe unayevizia bei za msimu kuisha, endelea kuvizia, sikukatazi. Lakini usiridhike na kitu kilicholala. Karavani ifungulie maji, mashua ishushe baharini, pikipiki iwashe na uipandishe mlima. Muuza akikuharakisha, ondoka. Mimi wangu alinichelewesha, ndiyo salama yangu. Na kabla ya kushusha bei, uliza kwa nini anauza.

Harusi? Ndiyo hiyo. Juzi nilimdokeza mchumba kwamba kuna miezi kumbi za harusi hazina wateja, bei inashuka mpaka nusu. Akaweka kitana chini, akanitazama.

"Mimi," akasema, "sinunuliwi kwa bei ya masika."