Sarafu ya Dani Haikuwa na Mamilioni

Leo sina mbwembwe, nina msamaha wa kuomba.

Mwezi jana nilipost video nikiwa hapa Osiri: kagua sarafu zako, ukiona maandishi mara mbili, wewe ni milionea. Views zikapaa. Dani yangu akatoa shilingi moja ya kichwa cha Moi, herufi zina kivuli. Kabla niikague, alikuwa ashatuma elfu mbili za "usajili" kwa jamaa aliyejiita mnunuzi kwenye komenti. Pesa ya kuponda mawe ya dhahabu, mgongo umepinda wiki nzima. Jamaa akazima simu.

Ndio nikaketi kusoma, kitu nilifaa kufanya kabla ya kupost. Eh, niliacha chuo, lakini hiyo si sababu.

Kosa lenye thamani huanzia kwa muhuri wa chuma unaochapa sarafu. Muhuri wenyewe ulipotengenezwa, picha iligongwa mara mbili, mara ya pili ikiwa imesogea kidogo. Kwa hivyo kila sarafu iliyotoka hapo ina kosa lilelile: herufi nene, zimejaa, ncha zimepasuka. Ya Dani ina ngazi bapa pembeni na herufi zimekonda. Hiyo ni mashine ilitikisika tu wakati wa kuchapa. Ziko kibao, bei ni ileile ya dukani.

Maarufu ni senti ya Marekani ya 1955 yenye Lincoln. Zilitoka kama elfu ishirini hivi, unaona kosa kwa macho tu, na wakusanyaji wanazigombania. Moja hupita dola elfu.

Lakini jina la ajabu pekee halitoshi. Mfalme Edward VIII alitawala chini ya mwaka mmoja, 1936, na bado senti kumi zenye tundu na jina lake zilimwagwa Afrika Mashariki kwa wingi. Leo si ghali.

Sisi watu wa Osiri tunajua hii kitu. Mnunuzi wa dhahabu huja na mizani, anapima, anakulipa. Hakuna anayekwambia umlipe kwanza ndio anunue. Mbona kwa sarafu tukasahau?

Video nimefuta. Dani nimemrudishia elfu moja, ile ingine naitafuta. Na wewe, kabla utume hata bob, nitumie picha ya sarafu pande zote mbili. Kuangalia ni bure.