Tarehe Iliyo Kwenye Barua Yako

Morogoro, 8 Juni

Mpwa wangu Zuhura,

Mama yako amenisomea kwa simu barua uliyopewa kazini. Kuitwa mwizi wa katoni za stoo ni jambo zito, na najua limekuuma kuliko mshahara wenyewe. Hayo tutayazungumza tukikaa. Leo nataka tuhesabu siku.

Barua yako ina tarehe 2 Juni. Anayepinga kuachishwa kazi hupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hiyo mnayoiita CMA, ndani ya siku 30. Zako zinaisha 2 Julai. Mimi nakuwekea 20 Juni. Nilipokuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani, niliona wenye haki wakishindwa huku ushahidi wanao. Walikuwa wanasubiri. Meneja kasema atalifikiria, shemeji anamjua mkurugenzi, mzee wa msikitini ataenda kumwona bosi. Wote hao wana nia njema, ila ukichelewa itakubidi kwanza uiombe Tume ikupokee nje ya muda, tena kwa sababu ya msingi. Kusubiri wazee wakuombee si sababu ya kuitegemea. Baba yako mkubwa akitaka kwenda kwa mwajiri, aende. Wewe shughulikia fomu.

Fomu inaitwa CMA F.1, na huduma ya Tume hailipiwi. Ijaze, mpelekee mwajiri nakala wakugongee mhuri wa kupokea, kisha uiwasilishe ofisi ya Tume ya mkoa. Mwajiri akikataa kuipokea nakala yake, mtumie posta kwa rejista, risiti uitunze. Kwenye madai usione haya: taja kuachishwa bila haki, siku ulizofanya kazi bila kulipwa, likizo, notisi, na cheti cha utumishi pia.

Sasa hili la afisa utumishi kukwambia uandike barua ya kuacha kazi ili jina lako lisichafuke. Usiandike! Ukishaandika, watasema umeondoka kwa hiari yako, na wewe ndiye utakayehangaika kuonyesha kwamba ulishinikizwa. Hata karatasi ya malipo isome mpaka mstari wa chini kabisa, maana huko ndiko huandikwa kwamba mfanyakazi amelipwa haki zote na hana madai mengine. Pesa ni zako, zipokee, lakini andika kwa mkono wako kuwa umepokea kiasi hicho tu na madai yako yanaendelea. Wakikataa hivyo, iache mezani.

Mama yako anasema walikuita kikaoni asubuhi, na jioni ukapewa barua. Hapo ndipo penye nguvu yako. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinataka uelezwe tuhuma, upewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na uruhusiwe kuja na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama. Na kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu. Katoni zinaweza kuwa zilipotea kweli, na bado wakashindwa hapo.

Kwa hiyo leo, kabla hujasahau, andika kila kitu: nani alikuwepo kwenye kile kikao, nani alisema nini, nani mwingine alikuwa na ufunguo wa stoo. Tafuta mkataba wako na slipu za mshahara, na ujumbe wa simu usiufute. Nyaraka za kampuni usiondoke nazo, wasije wakapata kosa la pili la kukubandika.

Tume huanza na usuluhishi. Mkikwama, shauri linakwenda kwa mwamuzi. Huenda mwajiri akaleta kiasi fulani cha pesa siku ya kwanza tu. Usikatae kwa hasira, wala usikubali kwa sababu kodi ya nyumba imefika. Omba mapumziko, unipigie.

Kodi ya mwezi huu nimeshamtumia mama yako, hilo lisikuharakishe. Jumatatu nitapanda treni nije Dar. Fomu uwe umeichukua, tuijaze pamoja.

Mjomba wako,
Rajabu