Chunjua za mikono na miguu



Hapa Kolwezi tunaona wenzetu wanaficha mkono mufukoni wakati wa kusalimiana. Ni haya ya chunjua.

Kuko za namna mbalimbali. Za mikono ni ngumu, zinakwaruza. Za chini ya mguu zinasukumwa ndani na uzito wa mwili, zinauma kama changarawe katika kiatu. Za uso ni ndogo na bapa.

Watu wanasema chura ndiye anazileta. Hapana. Ni virusi, vinaingia pa kidonda kidogo. Wale wanaoosha mawe ya kobalti na vidole vilivyochubuka, wajihazari.

Na dawa? Maziwa ya papai bichi na kitunguu saumu watu wanavitumia tangu zamani, lakini vinaweza kuunguza ngozi nzima. Ule mti wa lupango wenye maziwa meupe, maziwa yake yakigusa jicho yanaweza kulipofusha. Na maji ya batri, hata siku moja! Yanaacha kidonda kibaya kuliko chunjua yenyewe.

Ya mkono ama ya mguu, iloweke katika maji ya vuguvugu, sugua polepole na jiwe lako mwenyewe, usimwazimishe mtu. Kisha ngoja. Kwa vijana nyingi zinaisha zenyewe, mara ingine kisha miezi, mara ingine miaka 2. Ikitoka damu ama ikibadilika rangi, mwone munganga.

Basi ndugu, tusimucheke mwenye chunjua. Haya ndiyo inamusukuma mtu kwenye maji ya batri. Mukono tumupe tu.